Kumi Nukta Nne

Kisumu Ndogo, Kibera
Jumatatu, 3 Machi 2025

Baba,

Niaje mzee wa mjengo! Hiyo karatasi ya kupimwa ulinitumia na Wabwire nimeisoma mara sita. Ulifanya poa kuandika badala ya kupiga. Simu ya hapa ni ya Mama, na Mama akiskia tu neno "hospitali" ataacha omena ikianikwa barabarani akuje huko na leso moja. Yako nayo ilishazama kwa drum la maji ya simiti. So tutaandika. Wabwire anapeleka gunia la Mama soko ya Kawangware kila Jumatatu na Alhamisi, na saiti yenu iko njiani. Barua chini, omena juu. Mama hatajua, vile ulitaka.

Sasa skia. Wale watu wa kanisa walikutoa damu kwa kambi yao ya bure wameandika asidi ya yuriki, 10.4. Kando wameandika kwa mwanaume isipite 7. Baba! Umepita na fujo!

Mimi sikujua hiyo kitu ni nini. Unajua yule mwalimu wa Nyayo Highrise nafulia, hunipea kompyuta yake nguo zikiwa zimelowekwa. Nikasoma mpaka nikasahau mashati kwa dawa ya madoa, moja sasa ni ya pundamilia. Lakini nimejua. Asidi ya yuriki ni takataka ya mwili. Ukila, vitu zinavunjwavunjwa huko ndani, hiyo inabaki, figo inaitoa na mkojo. Figo ikishindwa, inajazana kwa damu, inakuwa vichembe vikali kama chupa imesagwa, halafu vinaingia kwa jointi. Vinapenda sana kidole kikubwa cha mguu. Ndio maana chako kimefura, hata blanketi ikikigusa unaruka. Si wilibaro ilikukanyaga. Na si jirani amekutegea kitu mlangoni, wacha hiyo story.

Lakini si kidole ndio imenishtua. Imeandikwa watu wenye hiyo asidi iko juu, wengi wao moyo pia unawasumbua. Presha, mishipa kuziba, hadi mtu anaanguka. Wasomi bado wanabishana kama asidi yenyewe ndio inaumiza moyo ama inatembea tu pamoja na ile inaumiza. Mimi sitaki kungoja wamalize kubishana.

So sheria zangu ni hizi. Nyama hapana. Matumbo hapana kabisa. Chang'aa sitaki hata kuskia. Maharagwe nimesoma mahali pia si mzuri, wacha. Nimekuwekea omena kikopo mbili kubwa. Ni samaki, ni nyepesi, ni ya kwetu. Kula asubuhi na jioni.

Na unijibu hii: kifua iko aje? Inauma ukipanda?

Daktari wako wa bure,
Adhis


Kawangware
Alhamisi, 6 Machi 2025

Nyara Adhis, binti yangu,

Nimesoma nikakaa chini. Hiyo ugonjwa tangu nizaliwe naskia ni ya machifu na waheshimiwa, watu wa kumaliza mbuzi. Mimi mbuzi huwa naona ikipita. Nilimwambia Kitheka, yule Mkamba tunapiga plasta na yeye, akacheka mpaka akaangusha karai. Sasa ananiita Mheshimiwa. "Mheshimiwa, simiti iko tayari." Nyinyi watoto mtaniua na aibu kabla ya hiyo asidi.

Omena imefika. Nimekula asubuhi na jioni vile umeandika. Matumbo nimekataa mbele ya watu. Mama wa kibanda aliniuliza kama nimeokoka.

Kidole ni kidole tu. Nimekata kiatu mbele kipumue. Asubuhi nafika kabla ya foreman, Shiundu, ndio asinione nikitembea. Nikishapanda juu sina shida, juu hakuna kutembea, ni kusimama na kurusha plasta. Shiundu ako na sheria moja. Fundi akichechemea asubuhi, jioni anaambiwa aende apumzike, na hakuna mtu amewahi kutumwa kupumzika na Shiundu akarudi. Simu zetu anachukua kwa geti, na za wagonjwa huwa anazirudisha na mfuko wao wa nguo. Tumebaki na ukuta wa nje peke yake. Baada ya hapo ameniahidi nisimamie mafundi kwa jengo ingine. Mimi, kusimamia. Miaka ishirini na mbili nimesimamiwa.

Kwa hivyo usikuje hapa. Niapie. Ukionekana kwa geti na hiyo sura yako ya kulia, Shiundu atauliza baba yako ako na nini.

Mambo ya moyo wacha kusoma sana. Moyo wangu unajua kazi yake.

Mwambie mamako, Min Adhis, niko sawa, nimekumbuka kelele yake.

Babako,
Benard


Kisumu Ndogo
Jumapili, 9 Machi 2025

Baba,

Sawa, nimeapa. Sitakuja. Lakini hujajibu! Niliuliza kifua, ukanijibu "moyo unajua kazi yake." Hiyo ni jibu ya mwanasiasa. Kweli wewe ni Mheshimiwa.

Wacha niulize kama wale wa kliniki, moja moja, na ujibu moja moja. Kidole kimeshuka ama kimepanda? Mkojo uko aje? Unalala vizuri? Kuna dawa unakula? Na ya mwisho, nairudia: kifua inauma, inabana, inakuwa nzito, ukipanda na karai ama ukipiga plasta?

Juzi hapa kwa laini ya nyumba ya Aketch, yule wa kushona viatu, mtu alianguka akiosha uso. Tu hivyo, maji ikiwa bado kwa mkono. Watu wakasema ni presha, wengine wakasema amerogwa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo nikifikiria namba yako. Kumi nukta nne. Naiona kila mahali, hata kwa mlango ya choo ya ploti.

Mama ameanza kuuliza. Anasema "babako anakula omena kama ana watoto wanne huko, nini mbaya?" Nimemwambia mnakula na Kitheka. Akasema Mkamba gani huyo anamaliza omena hivyo. Nimedanganya Mama juu yako Baba, na wewe unajua Mama vile anaangalia mtu akidanganywa. Hakuuliza tena. Hiyo ndio inaniogopesha.

Nimeongeza, safari hii ni kikopo tatu. Ukiona kidole kinauma usirudie nyama, kula omena zaidi, mwili ukose kitu ya kugeuza iwe asidi.

Adhis


Kawangware
Alhamisi, 13 Machi 2025

Nyara,

Najibu moja moja kama kortini.

Kidole kimepanda kidogo, na kile cha mguu wa kushoto kimeona wivu, nacho kimefura. Mkojo upo. Kulala nalala, fundi halali aje? Dawa nakula ile ya maumivu ya kemisti hapa nyuma ya saiti, tembe za rangi ya chungwa, ni nzuri sana. Nikimeza asubuhi, saa tatu niko mtu mpya. Nikimeza tena saa sita nafika jioni nikiimba.

Jumamosi tunaanza ukuta wa nje wa ghorofa ya nne, ule wa barabarani wenye kila mtu anaona. Shiundu amesema hiyo sura ya jengo ni ya Benard peke yake, Kitheka atakuwa ananipitishia simiti. Ukipita hiyo barabara miaka kumi ijayo utasema babangu alipiga hii, na haitakuwa na ufa.

Omena nimemaliza. Kikopo tatu. Hata Kitheka nimemnyima, nimemwambia ni dawa. Tuma ingine.

Babako,
Benard


Kawangware
Alhamisi, 13 Machi 2025

Kwa Adhis,

Mimi ni Kitheka. Hunijui ila kwa kutajwa na babako kwa barua. Hii nimeificha ndani ya kikopo tupu, yake iko juu. Mzee Beno akijua nimeandika atanirushia mwiko.

Amekudanganya. Sijasoma barua yake, lakini nilimwona akiandika na alikuwa anatabasamu.

Jumanne tulikuwa ghorofa ya tatu, saa nne hivi. Akasimama. Nikadhani anaangalia ukuta. Akashika hapa katikati ya kifua na ngumi, hivi, kama mtu amebeba yai ndani. Jasho ikamtoka na hakukuwa na jua. Nikamuuliza, "Mheshimiwa, ni nini?" Akasema, "Mtu amenikalia." Akakaa kwa mbao kama dakika kumi. Ikaenda. Akaniambia nikisema kitu yeye na mimi si watu tena. Jana imerudi akipanda tu ngazi, hata karai hakuwa nayo.

Hiyo dawa ya kemisti si mbili kwa siku. Nimehesabu, ni sita. Ameishiwa na hamu ya chakula ingine yote. Githeri amekataa, anasema daktari wake amekataza maharagwe. Ni omena, chai, tembe, halafu anapanda. Miguu imefura mpaka kwa kifundo, ukibonyeza inabaki shimo. Asubuhi mimi ndio humvalisha kiatu kabla Shiundu hajafika, na hulia. Simaanishi kulalamika. Hulia, machozi.

Mimi najua kubeba. Nikiambiwa beba mfuko ya simiti nabeba. Hii imenishinda kubeba. Jumamosi anapanda upande wa barabara na pale hakuna mahali pa kukaa ikimshika.

Wewe ndio anaogopa, hata kama anacheka. Mwambie.

Kitheka


Kisumu Ndogo
Jumamosi, 15 Machi 2025

Baba,

Sijui nianzie wapi, kwa hivyo naanzia kwa ile mbaya.

Ni mimi.

Jana nimeenda kliniki hapa chini, nikapanga laini na watoto wa kukohoa mpaka nikaingia. Daktari anaitwa Ng'ang'a. Nikamweka karatasi yako mezani, nikamwambia nimekutoa kwa nyama yote, nakulisha omena asubuhi na jioni, vikopo vitatu kwa siku nne. Nilikuwa najivunia, Baba. Nilikuwa nangoja aniambie nimefanya kazi.

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Omena unaila aje, unaitoa matumbo?" Nikacheka, nani anatoa omena matumbo? Ni nzima, na kichwa, na macho. Akasema, "Ndio hiyo. Unamkataza matumbo ya ng'ombe, unampa matumbo ya samaki elfu moja." Akasema samaki wadogo wa kuliwa nzima ni kati ya vyakula vinapandisha hiyo asidi sana, kuliko hata nyama mingi. Maharagwe nayo haina shida, angekula tu. Mimi nilisoma "nyama nyekundu" nikafunga kitabu. Omena kwetu si nyama. Omena ni chakula ya siku ukikosa nyama. Nani angefikiria?

Halafu nikamwambia dawa. Hapo ndio alisimama. Hizo tembe za chungwa, sita kwa siku, kwa mtu ako na kifua, zinapandisha presha, zinafinya figo, na figo ikifinywa asidi haitoki. Na zinaweza kuleta shida ya moyo zenyewe. Aliniuliza miaka yako, nikasema arobaini na tisa. Akaniuliza kama kifua inakuja ukifanya kazi na inaenda ukikaa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Huyo mtu asipande kitu leo. Ajue kama moyo unapata damu. Apelekwe hospitali, awekwe waya kifuani wasome." Hakusema kesho. Alisema leo.

Ndiyo, najua kifua. Usiulize nani. Usimguse.

Nimepiga ile namba ya Kitheka iko nyuma ya karatasi yako mara tisa, imezimwa, Shiundu ako nayo. Leo asubuhi nimetoka nikuje. Nimefika mpaka hapo barabara kubwa. Nikakumbuka nimeapa, nikakumbuka jengo ingine, kusimamia, nikakumbuka pia vile nitakuangalia usoni nikikuambia ni mimi nimekuwa nakulisha hiyo sumu. Nikarudi. Sijui kwa nini nakuambia hii. Nimerudi nikaandika, kwa sababu kuandika ndio naweza.

Shuka. Tafadhali. Hata kama ukuta umebaki nusu.

Adhis

Jumapili, 16 Machi. Baba, ni mbaya. Wabwire ameenda Busia, shangazi yake amekufa. Mama amesema kesho atabeba gunia mwenyewe. Barua ilikuwa imeshaingia chini na gunia limeshashonwa, limelala chini ya kitanda chake, yeye juu. Hii kipande nimeipenyeza pembeni. Ukiisoma, jua ni Mama amekupea na mkono wake. Sijui atakuwa amesoma ama hajasoma. Hajaniuliza kitu siku nzima. Ameimba tu za kanisa.


Hospitali, wodi ya wanaume
Jumanne, 18 Machi 2025

Adhis,

Naandika nyuma ya barua yako kwa sababu hapa hakuna karatasi ingine. Kitheka atakuletea.

Nilifungua gunia sokoni Kawangware kwa mizani. Mnunuzi alikuwa amesimama na pesa mkononi. Nikatoa barua, nikasoma yote, nikasoma na ile kipande. Nikamwambia mnunuzi leo sina omena. Akasema mama, si hii ninaiona? Nikamwambia unaona vibaya.

Nilienda saiti na gunia kichwani. Askari wa geti akaniuliza natafuta nani, nikamwambia mume wangu. Akanifungulia.

Alikuwa juu. Ghorofa ya nne, upande wa barabara, amesimama kwa mbao mbili. Adhis, nilitaka kupiga nduru. Nilifungua mdomo kabisa. Nikajiambia nikipiga nduru atashtuka, atageuka, na pale juu hakuna pa kugeukia. Nikaweka gunia chini, nikakaa juu ya mchanga mahali angeniona akiinama kuchukua simiti. Nikanyamaza. Wewe unajua mimi nikinyamaza ni kitu kubwa. Yule Shiundu akakuja akaniambia mama hapa si mahali pa kuuza samaki. Nikamwangalia tu. Akaenda.

Babako aliinama mara tatu hakuniona. Mara ya nne akaniona. Tukaangaliana. Sikupunga mkono. Aliweka mwiko chini, akapangusa mikono kwa suruali, akaanza kushuka. Kila ngazi alikuwa anasimama, mkono kifuani. Kitheka alishuka mbele yake, nyuma nyuma, akimshika miguu anaiweka moja moja. Vijana wote wakaacha kazi. Shiundu akaona vile mguu uko. Sasa kila mtu anajua, na hiyo kazi ya kusimamia imeisha, usimuulize.

Alipofika chini nikamuuliza, "Wuon Adhis, kifua inauma?" Akasema, "Tangu Januari."

Januari, Adhis! Kabla ya karatasi, kabla ya omena yako. Alipimwa damu kwa sababu ya kifua, si kidole. Kidole ndio alikuambia. Unaona?

Mimi na Kitheka tukamleta hapa, wakamweka waya. Daktari mwanamke, mdogo, anaongea pole pole, akaniambia moyo ulishaumia mara moja huko nyuma na babako akadhani ni kuchoka, na sasa kuna mshipa umeziba unataka kuumiza tena. Nikamuuliza ni hiyo asidi imefanya? Akasema asidi peke yake hawezi kuapa. Presha yake iko juu, figo imechoka, hizo tembe zimeongeza, yote inasukumana. Lakini akasema ile namba kwa karatasi ilikuwa sababu ya kutosha mtu amuangalie moyo mapema. Nikamuuliza na omena? Akasema apumzike nayo kwanza. Nikamwambia daktari, miaka kumi na sita nauza omena, hakuna mtu amewahi kufa na omena yangu. Akasema mama hakuna mtu amesema hivyo. Basi. Nilitaka tu isemwe.

Wewe ulikosea, lakini ulikuwa unatafuta. Yeye alijua na akaficha. Na nyinyi wawili mkapanga mimi nisijue, mimi nimelala na huyo mtu tangu nikiwa na miaka kumi na nane. Hiyo tutaongea, si kwa barua.

Jana jioni ilimshika tena, hapa kitandani, akiwa hajafanya kitu. Wakamwekea dawa chini ya ulimi na wakakimbia na yeye. Amerudi. Anapumua na ile paipu ya pua. Ameniuliza kama ukuta ulikauka bila ufa, nikamwambia unyamaze.

Leo asubuhi ameomba kalamu akuandikie. Nimemkatalia. Nimemwambia mtoto akuje, umwambie kwa mdomo, akuone vile uko. Akageuza uso ukutani. Anaogopa, Adhis. Sijawahi kuona babako akiogopa, na yeye hajui kuifanya.

Saa nane wanampeleka kumfungua huo mshipa. Wamesema anaweza kutoka sawa, na wamesema anaweza kukosa kutoka. Wamenipa fomu nikaweka sahihi.

Kitheka akikupea hii itakuwa saa tano. Usijibu. Funga mlango, weka kufuli, kuja.

Mamako,
Seline